Tetemeko la Ardhi Likitokea Ukiwa Ndani: Fahamu Hatua za Kujikinga

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Kwa vipimo vya Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na chanzo chake kilikuwa takribani kilomita 40 chini ya uso wa ardhi. Mtikisiko ulisikika katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na kuvuka mipaka hadi Uganda na Rwanda. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, wengine zaidi ya 200 walijeruhiwa, na nyumba nyingi katika Manispaa ya Bukoba na wilaya za jirani ziliporomoka au kupata nyufa kubwa. Majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika kiasi cha kulazimu shule hizo kufungwa kwa muda.

Katika matetemeko ya aina hiyo, ardhi yenyewe ni nadra kumuua mtu. Kinachoua na kujeruhi ni ukuta unaoanguka, paa linaloshuka, kabati linalopinduka na kioo kinachovunjika. Kwa sababu hiyo, mtu aliye ndani ya jengo ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, na uamuzi anaoufanya katika sekunde chache za mwanzo unaweza kuwa ndio unaotenganisha uhai na kifo. Sekunde hizo hazitoshi kwa mashauriano. Uamuzi sahihi ni ule uliokwisha kufanywa na kuzoezwa kabla ardhi haijatikisika.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo wananchi wanashauriwa kuzichukua tetemeko linapotokea wakiwa ndani ya nyumba, shule, ofisi au jengo jingine lolote, sababu za hatua hizo, na maandalizi ambayo kila kaya inaweza kuyafanya kwa gharama ndogo.

Kwa nini Tanzania hutikisika

Tanzania inapitiwa na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambalo limegawanyika katika mikondo miwili. Mkondo wa magharibi unapita katika Ziwa Tanganyika, Rukwa na Ziwa Nyasa. Mkondo wa mashariki unashuka kutoka Kenya kupitia Ziwa Natron na Manyara kuelekea maeneo ya kati ya nchi. Katika mikondo hiyo, mabamba makubwa ya miamba yanayounda gamba la dunia yanaachana taratibu, kwa milimita chache kila mwaka. Miamba huvumilia mvutano huo kwa miaka mingi, kisha hukatika au kuteleza ghafla mahali palipo dhaifu. Nguvu inayoachiliwa husambaa ardhini kama mawimbi, na hayo ndiyo binadamu anayoyahisi kama tetemeko.

Historia inaonesha kuwa hatari hiyo si ngeni. Tarehe 13 Desemba, 1910, eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko lenye ukubwa wa takribani 7.4, miongoni mwa makubwa zaidi kurekodiwa barani Afrika katika karne ya 20. Tarehe 5 Desemba, 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika na kuleta madhara Tanzania na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Julai 2007, mfululizo wa matetemeko karibu na Mlima Oldoinyo Lengai ulisikika hadi Nairobi. Tarehe 12 Agosti, 2020, wakati wa usiku, tetemeko lililotokea chini ya Bahari ya Hindi liliwatoa nje wakazi wengi wa Dar es Salaam, wakiwamo waliokuwa katika majengo marefu.

Mifano hiyo inaonesha mambo mawili. Kwanza, si lazima mtu awe anaishi ndani ya Bonde la Ufa ndipo aguswe na tetemeko. Bukoba na Dar es Salaam zote zimetikisika. Pili, ukubwa wa tetemeko peke yake hauamui idadi ya waathirika. Kina cha chanzo, umbali kutoka kwenye makazi, aina ya udongo na, zaidi ya yote, uimara wa majengo ndivyo vinavyoamua.

Muda uliopo ni sekunde

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kuu kutoka kwenye chanzo chake. Mawimbi ya kwanza husafiri kwa kasi ya takribani kilomita 6 kwa sekunde na kwa kawaida huwa na mtikisiko mdogo. Mara nyingi huhisiwa kama kishindo, mngurumo wa lori zito linalopita, au mlio wa vyombo kabatini. Mawimbi ya pili husafiri kwa takribani kilomita 3.5 kwa sekunde, na ndiyo yanayoyumbisha majengo kwa nguvu.

Kwa mtu aliye umbali wa kilomita 40 kutoka kwenye chanzo, tofauti ya kuwasili kwa mawimbi hayo ni kama sekunde 5. Aliye karibu zaidi hupata muda mfupi zaidi. Baada ya hapo, mtikisiko mkali wa tetemeko la wastani kwa kawaida huchukua sekunde chache hadi chini ya dakika moja, ingawa kwa aliye ndani huonekana mrefu kuliko huo.

Kwa hiyo, mtu hapaswi kusubiri kuthibitisha kama ni tetemeko au ni gari lililopita. Dalili ya kwanza inatosha kuchukua hatua. Ikibainika baadaye kuwa halikuwa tetemeko, hakuna kilichopotea.

Shuka, jikinge, shikilia

Kwa mtu aliye ndani ya jengo lililojengwa kwa uimara, hasa lenye nguzo na mikanda ya zege iliyofungwa kwa nondo, hatua zinazopendekezwa ni tatu, na zinafuatana bila kusita.

Hatua ya kwanza ni kushuka. Mtu ashuke chini kwa magoti na viganja kabla mtikisiko haujamwangusha. Akiwa katika hali hiyo ana uwezo wa kutambaa kuelekea mahali salama, na mwili wake unakuwa mdogo mbele ya vitu vinavyoanguka.

Hatua ya pili ni kujikinga. Kichwa na shingo vifunikwe kwa mkono mmoja. Ikiwa kuna meza au dawati imara karibu, mtu atambae na kuingia chini yake. Ikiwa hakuna, atambae hadi kando ya ukuta wa ndani usio na dirisha, kioo, rafu wala picha nzito, ajikunje na kufunika kichwa na shingo kwa mikono yote miwili.

Hatua ya tatu ni kushikilia. Aliye chini ya meza ashike mguu wa meza kwa mkono mmoja na asogee nayo inaposogea, kwani meza inayotikiswa inaweza kumwacha wazi. Asiye na meza aendelee kujikunja na kushikilia kichwa na shingo yake hadi mtikisiko utakapokoma kabisa.

Kichwa na shingo vinapewa kipaumbele kwa sababu ndivyo vinavyoweza kupata jeraha la kuua hata kwa kitu kidogo. Tofali moja linaloanguka kutoka juu ya dirisha linatosha kumuua mtu, lakini mkono uliovunjika hutibika.

Kwa nini kukimbia ni hatari

Silika ya wengi ni kukimbilia mlangoni. Hata hivyo, katika jengo imara, wakati wa mtikisiko mkali, kukimbia huongeza hatari kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba ardhi inayotikisika haimruhusu mtu kutembea kwa usawa. Wengi huanguka, huteguka au huumizwa na vioo na vyombo vilivyotapakaa sakafuni. Sababu ya pili ni kwamba sehemu ya nje iliyo karibu kabisa na jengo ni miongoni mwa mahali hatari zaidi. Hapo ndipo huanguka vioo, vigae, matofali ya juu ya ukuta, matangi ya maji yaliyowekwa juu ya paa na nyaya za umeme. Sababu ya tatu ni msongamano. Katika shule, ukumbi au jengo la ghorofa, watu wengi wakikimbilia mlango mmoja au ngazi moja, wanaweza kukanyagana hata pale ambapo jengo lenyewe halikuanguka.

Kwa waliopo kwenye majengo ya ghorofa, ngazi zinahitaji tahadhari ya pekee. Ngazi huyumba tofauti na sehemu nyingine za jengo na zinaweza kupasuka mapema. Lifti haipaswi kutumika wakati wa mtikisiko wala mara baada yake, kwa kuwa umeme unaweza kukatika na kuwafungia waliomo. Aliyemo ndani ya lifti ashuke sakafuni na kujikinga kichwa, kisha mtikisiko ukikoma atoke kwenye ghorofa ya kwanza ambako mlango utafunguka.

Nyumba za matofali ya udongo: uamuzi wa mapema

Ushauri wa kubaki ndani umejengwa juu ya dhana kwamba jengo lenyewe litabaki limesimama. Dhana hiyo haifai kwa kila nyumba. Katika maeneo mengi ya nchi zipo nyumba za matofali mabichi, za udongo na miti, au za mawe yaliyounganishwa kwa udongo, zisizo na lenta wala nondo. Nyumba za namna hiyo zinaweza kuporomoka katika mtikisiko ambao nyumba imara ingeuvumilia.

Kwa wakazi wa nyumba hizo, kutoka nje haraka kunaweza kuwa salama zaidi, lakini pale tu masharti yafuatayo yanapokuwapo kwa pamoja. Mtu awe kwenye nyumba ya chini, si ghorofani. Mlango uwe hatua chache tu kutoka alipo na uwe wazi au unafunguka kwa urahisi. Mbele ya mlango pawe na uwanja ambao mtu anaweza kuufikia kwa sekunde chache, mbali na kuta, uzio wa matofali, miti mikubwa na nyaya za umeme. Zaidi ya hayo, awe ameanza kutoka katika dalili ya kwanza, kabla mtikisiko mkali haujafika.

Sharti mojawapo likikosekana, mtu ajikinge pale pale alipo. Ashuke chini, asogee mbali na ukuta wa nje na mbali na ukuta wa pembetatu unaobeba paa ubavuni mwa nyumba, kwa kuwa ukuta huo, ukiwa haujafungwa, mara nyingi huwa wa kwanza kuanguka. Akiwa karibu na meza nzito au kitanda imara, ajisitiri chini yake.

Masharti hayo hayawezi kupimwa wakati nyumba inatikisika. Ndiyo maana kila kaya inashauriwa kuyapima leo. Mkuu wa kaya azunguke nyumba yake na kujibu maswali machache: kuta ni za nini, zina lenta au hazina, kutoka kila chumba hadi mlangoni ni hatua ngapi, na nje ya mlango kuna nini. Jibu linaweza kutofautiana kutoka chumba hadi chumba. Anayelala chumba cha mbele karibu na mlango anaweza kutakiwa kutoka, ilhali anayelala chumba cha nyuma akatakiwa kujikinga chini ya kitanda. Kila mmoja, wakiwamo watoto na msaidizi wa nyumbani, ajue jibu la chumba chake.

Hatua kulingana na mahali

Kitandani. Matetemeko hayachagui saa. Aliyelala katika nyumba imara abaki kitandani, ageuke kifudifudi na kufunika kichwa na shingo kwa mto. Kushuka gizani kunaweza kumkanyagisha vioo. Ikiwa juu ya kitanda kuna rafu, feni au kitu kizito kinachoweza kuanguka, ajiviringishe hadi chini kando ya kitanda au aingie mvunguni.

Jikoni. Anayepika azime moto au afunge gesi ikiwa jambo hilo linawezekana kwa mkono mmoja na kwa wakati huo huo. Vinginevyo asogee mbali na jiko, sufuria za moto na makabati ya juu, ajikinge, na ashughulikie moto mara tu mtikisiko unapokoma. Jiko la mkaa lililopinduka ni chanzo cha moto kinachoweza kuongeza maafa juu ya maafa.

Darasani na bwenini. Wanafunzi waingie chini ya madawati, wakiyapa madirisha mgongo, na mwalimu ajikinge chini ya meza yake huku akitoa maelekezo kwa sauti ya utulivu. Katika bweni lenye vitanda vya juu na chini, aliye chini aingie mvunguni au ajikunje kando ya kitanda, na aliye juu abaki amelala huku amefunika kichwa. Tetemeko la Kagera lilitokea siku ya Jumamosi, wakati madarasa mengi hayakuwa na wanafunzi. Shule haziwezi kutegemea kwamba tetemeko lijalo nalo litachagua siku ya mapumziko.

Nyumba za ibada, kumbi na masoko ya ndani. Tarehe 3 Februari, 2008, siku ya Jumapili, tetemeko lilipotikisa eneo la Ziwa Kivu, miongoni mwa waliopoteza maisha upande wa Rwanda walikuwamo waumini walioangukiwa na kanisa. Katika kusanyiko, kila mtu ashuke kati ya viti au mabenchi na kujikinga kichwa. Aliye dukani au ghalani asogee mbali na rafu ndefu na bidhaa zilizopangwa kwa kurundikwa. Kutoka kufanyike kwa utaratibu mtikisiko unapokoma.

Watu wenye mahitaji maalumu. Anayetumia kiti cha magurudumu afunge breki, ainamishe mwili mbele na kufunika kichwa na shingo kwa mikono, mto au kitabu kikubwa. Mzee au mgonjwa asiyeweza kushuka chini akae kwenye kiti au kitanda mbali na madirisha na ajifunike vivyo hivyo. Aliyebeba mtoto mchanga amkumbatie kifuani na kuinama juu yake. Watoto wadogo wafundishwe hatua hizi kama mchezo, ili mwili uzikumbuke hata pale hofu inapowashika.

Dhana zinazopaswa kuachwa

Zipo dhana zinazoendelea kusambazwa ambazo zinaweza kugharimu maisha. Moja ni kusimama kwenye fremu ya mlango. Katika nyumba nyingi za sasa, fremu haina nguvu kuliko sehemu nyingine ya ukuta, haimkingi mtu dhidi ya vitu vinavyorushwa, na mlango wenyewe unaweza kumgonga.

Dhana ya pili ni kwamba ni salama zaidi kulala kando ya kabati, friji au samani nyingine kubwa badala ya kuingia chini ya meza. Kabati na friji ni miongoni mwa vitu vinavyopinduka mapema, na huangukia upande ule ule ambao mtu angejilaza.

Dhana ya tatu ni kwamba tetemeko linaweza kutabiriwa siku na saa yake. Hadi sasa hakuna mtaalamu wala chombo duniani chenye uwezo huo. Ujumbe wa simu unaodai kuwa tetemeko litatokea saa fulani usiku unapaswa kupuuzwa na usisambazwe.

Mtikisiko unapokoma

Kukoma kwa mtikisiko si mwisho wa hatari. Matetemeko madogo yanayofuata yanaweza kutokea baada ya dakika, siku au wiki, na yanaweza kuangusha kuta zilizokwisha kulegea. Kila yanapotokea, hatua za kujikinga zirudiwe.

Mtu ajikague kwanza mwenyewe, kisha awakague walio karibu naye. Avae viatu kabla ya kutembea. Asiwashe kiberiti, mshumaa wala swichi ya umeme endapo anasikia harufu ya gesi. Afunge mtungi, afungue milango na madirisha, na kutoka. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu ikiwa kuna nyaya zilizokatika na swichi hiyo inafikika kwa usalama. Kisha wote watoke kwa utaratibu, wakiwa wamekinga vichwa, hadi uwanja wa wazi uliochaguliwa mapema kuwa mahali pa kukutania.

Aliyenaswa chini ya kifusi asiwashe moto na asijichoshe kwa kupiga kelele mfululizo, kwa kuwa vumbi litamwingia kifuani. Afunike pua na mdomo kwa nguo, na agonge bomba, bati au ukuta kwa vipindi ili waokoaji wamsikie.

Wakazi wa pwani ya bahari wanaohisi mtikisiko mkali au wa muda mrefu wasogee mara moja kuelekea maeneo ya juu bila kusubiri tangazo, kwa kuwa tetemeko la chini ya bahari linaweza kuzalisha mawimbi ya tsunami. Tarehe 26 Desemba, 2004, mawimbi yaliyotokana na tetemeko la Sumatra, Indonesia, yalifika hadi pwani ya Tanzania na kusababisha vifo.

Nyumba yenye nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha, ukuta ulioinama, au paa lililotengana na ukuta isirudiwe kulala hadi itakapokaguliwa na wataalamu wa majengo. Kurudi ndani kuchukua mali ni kosa ambalo tetemeko linalofuata linaweza kuliadhibu.

Maandalizi ya kaya

Maandalizi mengi hayahitaji fedha nyingi. Makabati na rafu ndefu zifungwe ukutani kwa vyuma au kamba imara. Vitu vizito vishushwe kutoka rafu za juu. Vitanda visogezwe mbali na madirisha na visiwekwe chini ya vitu vinavyoning'inia. Mtungi wa gesi usimamishwe mahali usipoweza kupinduka. Tochi na viatu viwekwe karibu na kitanda. Njia ya kutokea isizibwe na pikipiki, magunia au samani.

Kwa anayejenga au kukarabati, uimara huanzia kwa fundi. Lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, nondo zilizofungwa ipasavyo kwenye pembe, saruji iliyochanganywa kwa vipimo sahihi, na paa lililofungwa vizuri kwenye kuta huifanya nyumba iyumbe kama kitu kimoja badala ya kusambaratika. Wananchi wanashauriwa kuwatumia wataalamu wa ujenzi wa halmashauri zao kabla ya kuanza kujenga.

Kaya, shule na ofisi zinahimizwa kufanya mazoezi mafupi angalau mara mbili kwa mwaka. Zoezi linalochukua dakika moja linatosha: kiongozi anatamka neno tetemeko, na kila mmoja anachukua nafasi yake.

Mahali pa kupata msaada na taarifa

Usimamizi wa maafa nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Mwaka 2022 na kuratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia kamati zinazoanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ndiyo yenye jukumu la kufuatilia matukio ya matetemeko na kutoa taarifa za kitaalamu, ilhali Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za tsunami. Panapohitajika uokoaji au kuzima moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, na Jeshi la Polisi kwa namba 112. Baada ya tetemeko, mawasiliano ya kawaida yafanywe kwa ujumbe mfupi ili njia za simu zibaki wazi kwa wanaohitaji msaada wa haraka.

Serikali inaweza kupima matetemeko, kuokoa na kusaidia ujenzi mpya, lakini haiwezi kuwapo chumbani ndani ya zile sekunde 5 za mwanzo. Katika muda huo, anayeokoa maisha ni mtu mwenyewe na wale alio nao, kwa kutumia uamuzi waliokwisha kukubaliana. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila kaya ina nafasi ya kuuliza swali moja: nyumba hii ikitikisika usiku, kila mmoja wetu atajikinga wapi?